Homa ya Tezi Dume: Tusiifiche, Tusiizime Ovyo



Ndugu zangu katika Imani, leo nagusia jambo ambalo wanaume wengi hapa Buyenzi hawalizungumzi hata na wake zao. Nalo ni homa ya mtu aliye katika matibabu ya uambukizo wa tezi dume. Mimi si daktari, ni mwalimu wa madrasa. Lakini wapo wanaoanza kwa mwalimu, wakiuliza habari za udhu na funga, na humo katika maswali ndimo unapogundua kuwa ndugu huyu ana homa siku ya nne, na nyumbani kwake hawajui anaugua nini.

Wanaficha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haya, kwani tezi hii iko chini ya kibofu, mahali ambapo mtu hapendi kupataja mbele ya watoto wake. Ya pili ni khofu ya kudhaniwa kuwa amezini, na hii ndiyo yenye madhara zaidi. Madaktari wanatufahamisha kuwa maradhi haya mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye E. coli, ambaye makazi yake ni utumbo wa kila mmoja wetu, akafika kwenye tezi kupitia njia ya mkojo. Ni kweli yapo maradhi ya zinaa yanayoweza kufika huko, hasa kwa vijana. Lakini kumhukumu Muislamu mwenzio kwa sababu tezi yake imevimba ni dhulma.

Basi mwenye kuficha huwaambia watu kuwa ana malaria. Hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika kila homa ni malaria, na mbu wapo wa kutosha kuifanya kauli hiyo iaminike. Atakunywa umubirizi, atanunua vidonge bila kupima, na siku zinakwenda. Kupima malaria ni tone la damu la kidoleni na dakika 15 tu. Mtu anayetetemeka kwa baridi, huku mkojo unamchoma au unatoka kidogo kidogo, na maumivu yako kati ya korodani na tupu ya nyuma, ayaseme yote hayo mbele ya daktari. Asiishie kusema "nina homa" kisha akanyamaza.

Tuseme amekwisha kuandikiwa dawa. Dawa za kuua bakteria wa tezi dume hutumiwa muda mrefu, mara nyingi wiki 2 hadi 4, wala haziachwi homa inapotulia. Homa yenyewe inatarajiwa kuanza kushuka ndani ya siku 2 au 3 tangu kuanza dawa. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame. Homa ndiyo inayomwonyesha daktari kama dawa inafanya kazi. Ikiwa siku ya tatu imepita na joto bado ni 38 au zaidi, huenda bakteria wale ni sugu kwa dawa hiyo, au usaha umekusanyika ndani ya tezi. Hilo halitibiwi kwa kuongeza parasetamoli. Mtu arudi hospitali.

Sisemi parasetamoli iachwe. Inampa mgonjwa nafuu akaweza kula na kulala. Kwa mtu mzima ni kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na kwa vyovyote asivuke vidonge 8 katika saa 24. Mwenye maradhi ya ini, au aliye chini ya kilo 50, aulize kipimo chake. Tahadhari na dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake na mtu huzidisha bila kujua. Kabla ya kumeza, apime joto kwa kipimajoto, aandike saa na kiwango. Daftari kuukuu la madrasa linatosha kabisa. Ama ibuprofeni na dikilofenaki, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, au aliyepungukiwa maji mwilini asizitumie ila kwa ruhusa ya daktari. Na aliyepewa siprofloksasini asiimeze pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia, maana huzuia dawa isiingie mwilini sawasawa. Akiumwa mshipa wa juu ya kisigino, aache na amjulishe daktari haraka.

Wapo wanaoshika Hadithi sahihi ya kuipoza homa kwa maji, wakammwagia mgonjwa ndoo ya maji baridi na huku meno yanamgongana. Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), alikwisha kulieleza jambo hili: maneno yale yanawahusu watu wa Hijazi na walio mfano wao, ambao homa zao nyingi zilitokana na joto kali la jua. Tusiichukue Hadithi tukaacha ufahamu wa wanazuoni. Anayetetemeka mwili wake unapandisha joto, na maji baridi humzidishia mtetemeko. Mfunike shuka nyepesi. Baridi ikishamtoka, mpanguse kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kama yanamburudisha, na umpe maji, uji au supu anywe. Blanketi tatu na madirisha yaliyofungwa nayo hayafai.

Enyi akina mama, hapa ndipo mnapohitajika kujua. Mkojo ukizuilika kabisa, au mgonjwa akatapika dawa zote, akapumua haraka haraka, mikono na miguu ikawa baridi, au akaanza kuzungumza yasiyoeleweka, apelekwe hospitali usiku huo huo hata kama joto limeshuka. Huenda maambukizo yameingia kwenye damu, na hayo huua. Aliyechanganyikiwa hajijui kuwa amechanganyikiwa, ndiyo maana lazima awepo mtu nyumbani anayejua ugonjwa wake.

Nimalizie na yale wanayoniuliza. Mwenye homa hii katika Ramadhani ale na anywe, alipe siku zake akipona. Ruhusa hiyo imo katika Suratul-Baqarah, aya ya 185, na kujikaza juu yake huku mwili unapungukiwa maji ni kujidhuru. Asiyeweza kusimama au kusujudu kwa maumivu ataswali kwa kukaa, au kwa kulala. Anayetokwa na matone ya mkojo yasiyozuilika atajisafisha, ajifunge kitambaa, atawadhe baada ya wakati wa kila swala kuingia, kisha aswali wala asihangaike na kitakachotoka baada ya hapo. Na ikiwa daktari amemwambia maji yatamdhuru, atatayamamu.

Wallaahu a'lam.