Ukibomolewa keja, sheria inakuita nani?

Hebu nikuulize. Tingatinga likifika kwenu alfajiri, mabati yalale chini na godoro lianze kuloa, wewe utakuwa nani? Mtaani tutakuita mwathiriwa. Serikali itakuita mvamizi wa kingo za mto. Na hilo jina ndilo linaamua kama unadai haki yako au unaomba msaada.

Kumbuka Mei 2024, baada ya mafuriko. Watu wa Mathare na Mukuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni waliamriwa wahame, kisha matingatinga yakaingia. Rais akaja Mathare akaahidi Sh10,000 kwa kila familia. (Piga hesabu ya kodi na deposti ya nyumba, uone kinabaki nini.) Hiyo ilizungumzwa kama hisani.

Sasa, Kenya ina sheria ya wakimbizi wa ndani kwa ndani, ya mwaka 2012. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea sheria, lakini niliisoma kwa simu nikiwa kwa foleni ya matatu. Inasema huyo ni mtu aliyelazimika kutoka makao yake kwa sababu ya vita, ghasia, ukiukaji wa haki, majanga au miradi mikubwa ya maendeleo, bila kuvuka mpaka wa nchi. Mafuriko ni janga, ama sivyo? Na inasema makao, haisemi hatimiliki. Kama serikali inakuhamisha kwa sababu ya mradi, hata wa kuhifadhi mazingira, lazima kwanza ionyeshe hakuna njia nyingine, ikusikize na ikupe ilani.

Kuna watakaosema mto unaua, wacha watu watolewe. Sawa, watolewe. Nani anataka kulala na maji kiunoni? Lakini kumwokoa mtu hakukupi ruhusa ya kumnyima jina lake.

Mtu akitoka Sudan Kusini akavuka mpaka, kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na idara nzima ya kumsajili. Si ati ana raha huko Kakuma, la. Lakini kuna daftari lenye jina lake. Wewe ukivuka Juja Road na godoro kichwani, nani anakuandika?

Hii ni stori ya zamani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilifurusha zaidi ya watu 600,000. Serikali ikaja na Operesheni Rudi Nyumbani: Sh10,000 za kuanzia na Sh25,000 za kujenga. Waliokuwa kambini walionekana. Shangazi yangu alitoroka Burnt Forest Januari 2008 na watoto watatu, akalala kwa binamu yake Nakuru, chumba kimoja, watu wanane. Alipoenda ofisi fulani kujiandikisha aliulizwa, "Mama, si uko na mahali pa kulala?" Ndiyo hivyo akaacha kuwa mkimbizi, kwa sababu jamaa yake alikuwa na roho safi.

Sheria ya 2012 haisemi lazima ulale kwa hema. Ilichelewa kwake, lakini kwako ipo. Chifu akiita baraza, muulize mbele ya watu: sisi tumeandikwa kama nani, na wapi?

Shangazi bado ameweka kikaratasi alichoandikiwa jina siku hiyo, ndani ya mkebe wa Kimbo. Hajawahi kupigiwa simu.