Tunaokemea Mikataba ya Serikali, Mkataba wa Gari Lako Uliusoma?

Ndugu zangu, leo naomba tuwaache mawaziri wapumue kidogo, tujiseme wenyewe. Najua nitawaudhi baadhi yenu, hasa akina kaka wanaopiga picha wameegemea gari jipya na kuzituma nyumbani kabla hata rejesho la kwanza halijakatwa.

Hapa Houston kila tukikutana kwenye nyama choma lazima mtu aukumbushie mkataba wa Buzwagi, ule uliosainiwa London mwaka 2007. Mwaka 2023 ukaja wa bandari na Dubai, povu likatutoka. Nani aliusoma? Nani alijadiliana? Maswali mazuri kabisa. Sasa nauliza: wewe siku unanunua gari, ulisoma kurasa ngapi?

Mimi sikusoma hata moja. Nesi mwenye digrii, ninayeangalia lebo ya dawa mara tatu kabla ya kumpa mgonjwa! Nilitoka zamu ya usiku, macho mekundu, nikaingia duka la magari mapya. Muuzaji akaniuliza, "Unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Nikajibu dola 510. Hapo nilikuwa nimeshaingizwa mjini. Akaenda "kuongea na meneja", akarudi anatabasamu: dola 505! Nikamshukuru. Bei ya gari yenyewe hatukuigusa hata kwa kidole.

Mkopo ulikuwa dola 28,000 kwa miezi 72, riba asilimia 9. Baadaye chama cha akiba na mikopo cha kazini kikaniambia wangenipa kwa asilimia 6. Piga hesabu: tofauti ni kama dola 41 kwa mwezi, karibu dola 2,900 mpaka mwisho. Hizo ni bati za nyumba ya mama. Na mjue kwamba mkopo ukipitia dukani, benki humtajia muuzaji riba yake, naye anaweza kuongeza juu, na nyongeza hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kwake. Hakuambii.

Kwa nini tunaliwa hivi? Mama yangu Kariakoo hanunui doti ya kanga bila kujifanya anaondoka mpaka aitwe, "Mama rudi, lete hiyo hiyo." Sisi watoto wake tukivuka bahari tunaona bei iliyobandikwa kiooni kama amri ya Mungu. Karatasi ile ipo kwa sheria ya mwaka 1958, na bei iliyomo ni ile anayopendekeza mtengenezaji. Anapendekeza tu! Duka kwa kawaida limelinunua gari kwa pungufu ya hapo, na watengenezaji wengi hulirudishia duka kiasi fulani gari likishauzwa. Kwa hiyo muuzaji akilia kwamba anapata hasara, usimpe leso.

Kuna watakaosema ni ubaguzi. Ni kweli upo. Mwaka 1991 Profesa Ian Ayres alichapisha utafiti wa Chicago: watu walifundishwa kusema maneno yaleyale madukani, lakini wanaume wazungu wakapewa bei nafuu kuliko weusi na wanawake. Mimi ni vyote viwili. Ndiyo maana safari ya pili, mwaka 2024, sikwenda na sura yangu. Siku za mwisho wa mwezi, wauzaji wanapohangaikia malengo yao, niliyaandikia maduka sita barua pepe kuhusu gari la aina moja, nikataka namba moja tu: bei ya mwisho, pamoja na kodi, usajili na makaratasi. Mawili hayakujibu. Moja likasema, "Njoo tuongee," nikalifuta. Matatu yakashindana. Nilipata punguzo la dola 2,300 kwenye bei ya kiooni, na nilikwenda kuchukua gari na barua ya mkopo wangu mkononi. Ofisi ya makaratasi wakaniletea dhamana ya ziada, dawa ya kulinda rangi, sijui nini. Nilisema hapana mara saba. Kisha nikakaa nikasoma kila ukurasa, muuzaji akiangalia saa yake.

Walionunua mwaka 2021 na 2022 siwalaumu. Chipu zilikuwa adimu na maduka yalikuwa yanaongeza juu ya bei ya kiooni. Lakini wengine? Na wale wanaosema una siku tatu za kurudisha gari, hiyo kanuni ya serikali kuu haihusu gari ulilonunua kwenye duka lenyewe. Ukisaini umesaini.

Kaka mmoja aliposikia habari zangu alikasirika: "Dada, unatuaibisha, wataona Waafrika hatuna hela." Nilicheka kwa uchungu. Anayekuuzia anakwenda kununua gari lake kwa kubishana mpaka senti ya mwisho, wewe unalipa bila kukohoa ili akuone tajiri? Hata jina lako hatalikumbuka kesho.

Jumamosi iliyopita kaka huyo alikuwa wa kwanza kuanzisha habari za bandari. Nikamwuliza riba ya gari lake ni asilimia ngapi. Hakuijua.