*TAMKO LA TAWI: KUFULI SI NOTISI*



Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, simu za viongozi wa tawi huita mfululizo. Kuanzia Kihesa hadi Mtwivila malalamiko ni yale yale: kodi imepandishwa ghafla, au mpangaji ameambiwa ahame ndani ya siku tatu kwa sababu amepatikana mwanafunzi wa kulipa miezi sita kwa mkupuo.

Safari hii tuliitwa saa mbili usiku. Mama mmoja mwenye watoto wawili alirudi kutoka sokoni akakuta mlango wake umeongezwa kufuli. Alikuwa anadaiwa kodi ya mwezi mmoja. Sare za shule, vyombo na dawa za mtoto vilikuwa ndani. Baridi ya Iringa mnaijua. Walilala kwa jirani.

Mwenye nyumba alipofika, naye alikuwa na lake. Ni mzee mstaafu, na vyumba vile vitatu ndivyo vinavyomlipia dawa za presha. Mpangaji alikuwa hapokei simu. Mzee alisema alitoa notisi ya mdomo. Mama alisema hakuisikia. Hakukuwa na mkataba wala risiti hata moja. Mwenyekiti wa mtaa angeamua kwa kutumia nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunaongeza: na nyumba bila mkataba hupangishwa kwa ugomvi.

*Sheria inasemaje?*

Wengi bado wanadhani kuna ofisi ya serikali inayopanga kodi za nyumba. Ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi ya pango, ya mwaka 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi ni makubaliano ya pande mbili. Ndiyo maana karatasi mliyosaini ina uzito mkubwa kuliko zamani.

Lakini kufutwa kwa sheria ile hakukumwacha mpangaji uchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 bado ipo. Inasema mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa. Ukipangisha vyumba ndani ya nyumba moja, paa, kuta kuu, mifereji ya maji machafu na sehemu za wote ni jukumu lako wewe mwenye nyumba. Na anayelipa mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Notisi hiyo inawabana wote wawili: hata mpangaji haruhusiwi kuhama usiku na kuacha ufunguo dirishani.

Kwa hiyo kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kuongeza kufuli si njia ya kudai deni. Deni hudaiwa kwa notisi, kisha kwa Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Likishindwa, au zikipita siku 30 bila suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

*Kodi ya jengo kwenye LUKU*

Hapa wapangaji wengi wanaumia bila kujua. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Msimamo wetu: mwenye nyumba airejeshe, au ipunguzwe kwenye kodi ya pango, na hilo liandikwe. Aliyelipa miezi sita akakatwa kwenye mita yake, hiyo ni shilingi 9,000. Kwa anayeuza mboga, hiyo si hela ya kusahau.

*Wapangaji, nanyi mna wajibu*

Lipa kwa tarehe mliyokubaliana. Ukikwama, sema mapema. Kuzima simu ni kuchokoza. Usimwingize mpangaji mwingine bila ridhaa. Choo na uwanja ni vya wote, zamu ya usafi ifuatwe. Bili ya maji na umeme wa pamoja ichangwe kwa wakati, asibebeshwe mmoja. Ukihama, acha chumba kama ulivyokikuta.

*Tunaelekeza hivi:*

1. Kila mwanachama anayepangisha atoe mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja: kodi, muda, notisi, nani analipa nini, nani anatengeneza nini. Nakala mbili, mashahidi wawili.
2. Kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa simu uliohifadhiwa.
3. Piga picha za chumba siku ya kuingia na siku ya kutoka.
4. Mpangaji mpya ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mfano wa mkataba upo ofisi ya tawi, bure.

Tuseme na ukweli mchungu: baadhi yetu viongozi ni wenye nyumba. Hatuwezi kusimama jukwaani tukimtetea mnyonge, kisha jioni tukamfungia mlango. Kiongozi wa tawi hili atakayeweka kufuli kwenye mlango wa mpangaji ataitwa kwenye kikao kujieleza kama mwanachama mwingine yeyote. Na kwa wawakilishi wetu tunasema: miaka imepita tangu 2005, leteni sheria ya pango inayomlinda mpangaji bila kumfilisi mwenye nyumba.

Yule mama amerudi ndani. Deni analilipa kwa awamu mbili, zimeandikwa, na mzee amesaini. Karatasi moja ilimaliza kilichoshindwa kumalizwa na kufuli mbili.

Mtumie ujumbe huu mwenye nyumba wako. Mtumie na mpangaji wako.

_Imetolewa na Idara ya Uenezi,_
_Tawi la Kihesa, Iringa_