Urithi uliomo ndani ya chungu

Mama mzee anapofariki, baada ya matanga ukoo hukaa kugawa mali. Hutajwa shamba, nyumba, ng'ombe, cherehani, hata vitenge vya marehemu. Ndugu wakishindwa kuelewana, paroko huitwa kusuluhisha. Nimekaa katika vikao vingi vya namna hiyo, na nimesikia watu wazima wakigombania masufuria. Lakini sijasikia hata mmoja akiuliza: je, ni nani kati yetu aliyejifunza kupika kile alichokuwa akipika mama ndani ya masufuria hayo?

Swali hilo huja baadaye, kwa kawaida wakati wa Noeli au Pasaka, watoto wanapokutana na kutamani kisamvu cha mama au ndizi za bibi. Kila mmoja anakumbuka ladha, hakuna anayejua njia. Mmoja anadhani alitia karanga, mwingine anasema ni tui. Aliyejua yuko kaburini.

Leo napenda kuitetea hoja moja: mapishi ya familia ni sehemu ya urithi ambao Mungu amewakabidhi wazazi wawapatie watoto wao, na familia ya Kikristo inao wajibu wa kuyakusanya, kuyachambua na kuyafundisha wakati wenye kuyajua wangali hai.

Wapo watakaosema padre amekosa mada, ameacha Injili ameingia jikoni. Nawaalika wasome sura ya 12 ya kitabu cha Kutoka. Usiku wa ukombozi wa Israeli, Mungu alitoa maelekezo ya mapishi. Mwanakondoo achomwe kwa moto, asiliwe mbichi wala kuchemshwa majini. Aliwe pamoja na mkate usiotiwa chachu na mboga chungu. Familia iliyo ndogo mno ishirikiane na jirani. Kisha maandiko yanasema kwamba watoto watauliza maana ya jambo hilo, nao wazazi watawaeleza. Hapo ndipo penye fundisho. Chakula kilikuwa katekesi: mtoto alionja, akauliza, akasimuliwa matendo ya Mungu. Nasi tunapokusanyika leo kuzunguka altare, tunatii agizo alilolitoa Bwana wetu akiwa mezani, wakati wa karamu ileile ya Pasaka.

Mtume Paulo naye, akimwandikia Timotheo, anaikumbuka imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike. Imani ilipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wengi wetu tulifundishwa Baba Yetu na mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele. Mtoto asiyekaa tena jikoni na bibi yake hapotezi mboga peke yake. Anapoteza pia saa za mazungumzo.

Yako na mambo ya uhai na kifo. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, kinasimulia kwamba wakati wa njaa huko Gilgali mtu mmoja alikwenda porini kutafuta mboga, akachuma matango-mwitu asiyoyajua, akayakatia sufuriani. Waliokula walilia kwamba mna mauti ndani ya sufuria, mpaka nabii Elisha alipotia unga. Yule mtu hakuwa na nia mbaya. Hakujua alichokichuma.

Sisi tunao mfano wetu. Muhogo mchungu una sumu ya asili. Wazee wetu walijua kuutiisha: wengine huumenya na kuuloweka siku kadhaa, wengine huuvundika mpaka uote ukungu, huukwangua na kuuanika vizuri, ndipo wasage. Mwaka 1985, wilayani Tarime mkoani Mara, ukame ulileta upungufu wa chakula, watu wakaharakisha, siku za kuutayarisha muhogo zikapunguzwa. Ukazuka ugonjwa uitwao konzo, ambao huipooza miguu ghafla, na aliyeupata haponi tena. Huwapata hasa watoto na wanawake ambao chakula chao kina protini kidogo. Maarifa yalikuwepo, njaa ndiyo iliyowakimbiza watu. Sasa fikiria kijana aliyekua mjini, ambaye hajaambiwa kamwe kwa nini bibi alikuwa akingoja siku zote zile. Kwake kungoja ni kupoteza muda. Ndiyo maana anayeandika pishi la familia aandike na sababu. Hata kisamvu hutwangwa sana na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, maana majani ya muhogo nayo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa.

Mfano mwingine ni kimea. Katika sehemu nyingi za nchi yetu akina bibi huotesha ulezi au mtama, huukausha na kuusaga. Kijiko cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito ulioiva na kupoa kidogo, uji hulainika bila kuongezwa maji. Kisha hurudishwa motoni kidogo kabla ya kumlisha mtoto. Mtoto mwenye tumbo dogo anapata chakula kingi ndani ya uji mwepesi. Wataalamu wa lishe waliuchunguza ujuzi huo wakaona bibi alikuwa sahihi. Leo mama kijana hununua unga wa mtoto dukani kwa bei kubwa, na kimea hakijui.

Hata hivyo, si kila kilichotoka kwa wazee ni cha kufuatwa. Mtume Paulo anatuagiza tupime yote na kushika lililo jema. Palikuwa na miiko iliyomnyima mama mjamzito mayai, na desturi iliyomwekea baba firigisi na minofu, huku watoto wakigawana mchuzi. Hiyo ilikuwa dhuluma mezani. Tunapokusanya mapishi, tuiache huko. Tuandike kwamba katika nyumba hii mayai huliwa kwanza na mjamzito na mtoto.

Na tuseme ukweli kuhusu nani anapika. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, akasimama kwenye foleni ya daladala, akafika nyumbani usiku, hawezi kutwanga kisamvu. Tusimwongezee mzigo kwa jina la mila. Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, mitume walipotoka ziwani alfajiri wamechoka, walimkuta Bwana mfufuka amekwisha kuwasha makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Aliyeyashinda mauti aliwapikia rafiki zake kifungua kinywa. Baba na kijana wa kiume wanaoona jiko linawashushia heshima waitafakari aya hiyo kwa utulivu.

Kwa hiyo tuanze na mapishi mepesi. Chukua makande, ambayo karibu kila nyumba inayo namna yake. Loweka usiku vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha maharage, kila kimoja chombo chake. Asubuhi mwaga maji hayo. Bandika mahindi kwanza. Yakianza kulainika tia maharage, acha vitokote mpaka viive kabisa. Ndipo utie chumvi, kitunguu, nyanya mbili na karoti. Mwisho mimina tui la nazi moja, koroga polepole, acha lichemke kidogo, ipua. Penye nazi ghali, karanga zilizosagwa zinatosha. Chakula hicho kinashibisha watu sita, na kazi kubwa hufanywa na maji usiku mmelala. Kijana wa miaka kumi na mbili anaweza kukipika mzazi akiwa karibu.

Ugumu wa kuandika ni vipimo. Ukimuuliza bibi chumvi kiasi gani, atakujibu, "Kiasi tu, mjukuu wangu." Hakufichi. Kipimo chake kimo kiganjani. Basi usimhoji akiwa amekaa barazani. Nenda akiwa anapika. Kabla hajatia, mwombe amimine kwanza kwenye kikombe au kijiko, upime, ndipo atie. Muulize anajuaje kwamba tui limeiva, anasikiliza nini, ananusa nini. Andika jina la pishi kwa lugha ya nyumbani, na jina la aliyemfundisha yeye. Daftari la shilingi elfu moja linatosha. Simu nayo inarekodi sauti yake, na siku moja sauti hiyo itakuwa na thamani kuliko pishi lenyewe.

Kazi hii inaweza kufanywa pia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tunakutana kila wiki nyumba kwa nyumba, watu wa makabila mbalimbali: Mhaya na Mmakonde, Mchaga na Mgogo. Kila familia ilete pishi moja jepesi la nyumbani kwao, liandikwe, na siku ya somo wa jumuiya yapikwe machache, wanaume wakiwemo jikoni. WAWATA wanao uzoefu mkubwa wa kupikia mikutano na sherehe za parokia, wanaweza kuwaongoza. Wasiachiwe kazi yote, kama tulivyozoea. Na majirani zetu Waislamu waombwe nao watufundishe. Wangapi kati yetu walijifunza pilau kutoka kwa jirani wa namna hiyo?

Wapo wasio na bibi wa kumuuliza: yatima, wakimbizi, walioondoka nyumbani kwa ugomvi, wajane wanaoishi mbali na ukoo. Kwao daftari la jumuiya litakuwa zaidi ya orodha ya mboga. Mtu anayepewa pishi la familia nyingine, akaambiwa "hivi ndivyo sisi tunavyopika", amekaribishwa ndani ya familia hiyo. Kutoka 12 ilikwisha kuagiza kwamba nyumba ndogo ishirikiane na jirani.

Leo ni Dominika, siku ya Bwana na siku ya familia. Baada ya Misa, mpigie simu mzee mmoja wa kwenu. Msalimie, sikiliza habari za afya yake bila haraka, kisha mwulize pishi moja tu. Jioni lipike pamoja na watoto, wote, wa kiume na wa kike. Likiharibika, mpigie tena kesho umweleze lilivyoharibika. Atacheka, atakusahihisha, na atafurahi kwamba bado anahitajika. Wazee wengi wanaokuja kuzungumza nami hawalalamiki njaa. Wanalalamika kwamba hakuna anayewauliza kitu.

Nawatakieni Dominika njema.