Barua ya wazi kwa ofisi iliyotupeleka Butiama kuangalia geti

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SAFARI YA FAMILIA KWENDA MAKUMBUSHO YA MWALIMU NYERERE, BUTIAMA, SIKU YA SABA SABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la ofisi yako nimeliacha makusudi. Waliokuwa kwenye basi wanaijua, nawe unajijua. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua ya kwanza, ile ya bahasha, niliambiwa imepokelewa, imegongwa muhuri na inafanyiwa kazi. Nikaisubiri hiyo kazi. Nilichokuja kukiona ni ripoti yenu kwenye ubao wa matangazo, ina picha ya rangi, na chini ya picha mmeandika kwamba washiriki walipata fursa ya kutembelea makumbusho na kujifunza mengi kuhusu Mwalimu kama mshairi.

Mzee aliyesimama katikati ya picha hiyo, mwenye fimbo, aliyegeuzia uso upande usio na kamera, ni baba yangu. Nyuma yake ni geti, na limefungwa. Baba hakutembelea makumbusho, Ndugu Mkurugenzi. Baba aliona geti.

Huenda kwa mwandishi wa ripoti hiyo ni tofauti ndogo, kwa hiyo nitaieleza. Baba ni katekista mstaafu. Zile tenzi ambazo Mwalimu alizitunga kutokana na Injili na Matendo ya Mitume, zilizochapwa na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho mwaka 1996, wengi wetu tunazo kabatini kwa heshima. Baba aliziimba. Kwenye jumuiya yetu hapa Ibadakuli, Shinyanga, waliokuwa wakisinzia somo likisomwa waliamka alipoligeuza kuwa beti, mizani nane nane, na kuna bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani aliyekuwa akimalizia kipande cha mwisho kabla Baba hajakifikia. Kwa watu wengine Mwalimu ni Azimio la Arusha, ni Kagera, ni picha ukutani juu ya kichwa cha mtendaji. Kwa Baba ni malenga kwanza. Urais ulikuwa kazi nyingine aliyowahi kuifanya. Huyu ndiye aliyemvalisha Shakespeare Kiswahili mwaka 1963, Uhuru ukiwa na miaka miwili, wakati nchi ina mambo elfu ya kufanya, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Akang'atuka, akarudi kijijini, akakaa kupanga vina vya Injili. Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Baba humwita "fundi".

Sasa fundi huyu ana makumbusho Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Baba hakuwahi kufika. Alitaka kuona vitu vya mtu aliyemsoma: kalamu, kiti, shati, karatasi yenye mwandiko wake kama ipo. Na alitaka kuviona upesi, kwa sababu Baba ana presha ya macho. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba uoni unaoliwa na ugonjwa huu haurudi, na kwamba matone yanachelewesha tu. Mwezi ule wa Julai Baba alikuwa bado anaona sura ya mtu akikaribia, anaona maandishi makubwa mchana penye mwanga. Usiku hakuna. Jioni, kidogo sana.

Haya yote nilimweleza ofisa wako siku nilipolipa. Aliandika kwenye daftari, pembeni ya jina: "mzee, macho". Niliyaona maandishi hayo kwa macho yangu, ambayo ni mazima.

Tangazo lenu lilikuwa zuri, sikatai. Saba Saba ni sikukuu, na tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mtu mwenye familia ana sababu mbili za kutoka nyumbani. Shilingi 45,000 mtu mzima, nusu yake mtoto: usafiri, chakula, kiingilio na fulana. Basi kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tulijiandikisha ukoo mzima. Kaka yangu alikuja kutoka Nyarugusu, akaacha duara lake la dhahabu siku ambayo wenzake walikuwa wanafikia mwamba. Mgawo wa siku hiyo hakuupata. Watoto walilala na fulana mwilini.

Saa kumi na moja tulikuwapo, na basi lilikuwapo. Dereva alikuwapo, anapasha injini moto. Asiyekuwapo alikuwa mgeni rasmi, ambaye kazi yake, kama tulivyokuja kuambiwa, ilikuwa kupeperusha bendera ili basi lipate kuondoka.

Nimelifikiria sana jambo hili. Basi lina funguo, lina mafuta, lina leseni. Barabara ipo. Ni kitu gani hasa ambacho bendera inaongeza kwenye injini? Lakini tulishushwa, yakapangwa mahema, ikaja meza kuu na kitambaa chake, yakaja maua ya plastiki na chupa za maji ambazo sisi hatukuruhusiwa kuzigusa. Saa mbili. Saa nne. Mshereheshaji akatuambia mgeni yuko njiani, akatufundisha kupiga makofi ya kilo, akatufundisha tena. Watoto wakala chakula cha mchana asubuhi. Mgeni alifika saa sita kasoro, akiwa na haraka. Itifaki ilizingatiwa, yote, kiongozi mmoja baada ya mwingine, mpaka mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya kamati. Ikafuata hotuba juu ya umuhimu wa kuwaenzi washairi wetu, risala, keki, picha ya pamoja na wazee, picha na watoto, picha na wazee tena kwa sababu ya kwanza mgeni alifumba macho. Bendera ikapepea. Tuliondoka saa saba mchana.

Ndugu Mkurugenzi, wewe si mgeni wa mkoa huu. Kutoka Ibadakuli unashika barabara ya Mwanza, unakata kulia Mwigumbi, Maswa, Bariadi, unatokea Lamadi, Bunda, ndipo Butiama. Ni lami, nashukuru, na ni zaidi ya kilometa 250. Mwendo wa basi la abiria hauzidi kilometa 80 kwa saa, hata basi hilo likiwa limehutubiwa, na bado kulikuwa na watu wa kuchukua njiani. Mtoto wangu wa darasa la sita alipiga hesabu hiyo kwenye kiti kabla hatujafika Maswa, akaniangalia, akanyamaza. Kama mtoto wa darasa la sita aliiweza, ofisi yenye mhasibu, mchumi na ofisa mipango ilishindwa wapi?

Baada ya Lamadi tulipita geti la Ndabaka, la Hifadhi ya Serengeti, na watoto wakashangilia. Kwa hiyo, kwa ukamilifu wa ripoti yenu, siku hiyo tuliona mageti mawili.

Tulifika Butiama saa moja kasoro. Makumbusho yalikuwa yamefungwa saa yake ya kawaida, kama yanavyopaswa, na siwalaumu hata kidogo. Hakuna aliyewapigia simu kwamba tutachelewa. Mlinzi alikuwa mstaarabu. Baba alishuka wa kwanza kwa sababu watu walimpisha. Akaenda mpaka kwenye chuma, akapapasa kufuli.

"Tumefika?"

"Mmefika, mzee wangu," mlinzi akasema. "Ila tumeshafunga."

Hapo ndipo mpiga picha wenu aliposema tujipange, mwanga unaisha.

Kaburi la Mwalimu liko karibu, Mwitongo, na lilikuwa kwenye ratiba pia. Giza liliingia. Hatukulala Butiama kwa sababu hakuna aliyelipia kulala. Chakula cha jioni kilikuwa biskuti na juisi. Tulirudi alfajiri, watoto wamelala chini kwenye ujia wa basi. Hayo nayaacha, ni mambo ya safari, kila Mtanzania ana yake.

La Baba siliachi. Macho yale yaliyokuwa yanaona maandishi makubwa mwezi Julai hayaoni tena maandishi ya ukubwa wowote. Sasa Baba anajua kwamba dirisha liko wazi, basi. Kuna kitu kimoja cha mwisho ambacho mzee huyu aliomba kuona hapa duniani, mkapokea fedha, mkaandika "mzee, macho" kwenye daftari, mkamwonyesha geti. Akiulizwa na wenzake wa jumuiya Butiama pakoje, anasema ni padogo, pana chuma baridi. Ukiniambia niwe mwenye shukrani kwa fulana, nitakuambia Baba aliona geti. Ukiniambia hafla ilifana, Baba aliona geti.

Nilipokuja ofisini, kijana wa mapokezi aliniambia mzee atapangiwa awamu ya pili. Alisema kwa upole kabisa. Nilikaa pale kwenye benchi nikitafuta namna ya kumweleza kwamba macho hayana awamu ya pili, nikaona si yeye wa kuelezwa. Ni wewe.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niruhusu niseme na hili. Jambo gani katika nchi hii linaanza bila mgeni rasmi? Kisima kinachimbwa, maji yanatoka, kinapigwa kufuli mpaka Mwenge ufike kukizindua, na kina mama wanapita pembeni yake na ndoo kwenda kwenye lambo. Watoto wa shule wanasimamishwa juani na ngonjera yao, beti zimeanza kuyeyuka vichwani, wanamsubiri mtu atakayezisikiliza huku anachezea simu. Kwa kaka yangu kule Nyarugusu, kwenye makarasha, mchanga wa dhahabu unapimwa mpaka punje ya mwisho na watu wanaweza kugombana kwa gramu moja. Saa za wananchi mnazimwaga kama maji ya kuoshea mawe, na hakuna hata anayeuliza zimeenda wapi.

Washairi wenyewe nao mnawafanyia vivyo hivyo. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yako Mtaa wa Shaaban Robert. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina la Sheikh Amri Abeid, na nina uhakika wengi wanaoshangilia humo hawajui kwamba aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, mwaka 1954. Baada ya Azimio la Arusha Mwalimu aliwaita watu wa aina hiyo, akawaomba waueleze umma kwa mashairi, na akina Mathias Mnyampala wakaitikia kwa ngonjera. Alijua kwamba beti moja inafika mahali ambapo waraka hauendi. Ninyi mnaitikia kwa mahema. Mshairi akifa mnampa barabara, mkiwa na fedha mnampa keki. Diwani zake zitafute kwenye duka lolote la vitabu hapa Shinyanga mjini, halafu uniandikie umepata ngapi.

Nirudi kwenye yaliyonileta. Ile sentensi chini ya picha iondolewe au isahihishwe. Mahali pa "kutembelea makumbusho" muweke "kufika getini", ni maneno mawili tu, karatasi haitajaa. Nataka kujua kwa maandishi ni nani aliyemwambia dereva azime injini saa kumi na moja alfajiri, maana dereva anasema aliagizwa, na kila ofisa anasema hakuwa yeye. Kiingilio cha makumbusho ambacho hakikulipwa popote, maana hakuna aliyeingia, kirudishwe kwa kila familia, na wale wa Maswa mliowachukua njiani msiwasahau. Safari nyingine mkiipanga, basi liondoke saa iliyoandikwa. Mgeni rasmi anayetaka kutuaga atukute kituoni saa hiyo, kama abiria.

Mwisho, juzi nimepokea ujumbe wenu wa simu unaonikumbusha kuthibitisha nafasi ya Baba kwenye awamu ya pili kabla ya mwisho wa mwezi, shilingi 45,000, na kwamba wazee wana punguzo la asilimia 10. Futeni jina lake. Hilo punguzo mpeni mgeni rasmi, huenda likamsaidia kuwahi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Ibadakuli,
Manispaa ya Shinyanga