Uimla una sura ngapi, na nani anazihesabu?

Februari 2025, shirika la Freedom House lenye makao yake Washington lilizishusha nchi nne kwa mkupuo kutoka kundi la nchi "huru kiasi" hadi kundi la nchi "zisizo huru". Nchi hizo ni Kuwait, Niger, Thailand na Tanzania. Kwa anayesoma jedwali peke yake, zote sasa zinakaa benchi moja. Lakini anayeuliza kilichotokea katika kila nchi atapata taabu kuzipa jina moja.

Nchini Kuwait, tarehe 10 Mei 2024, Amir Mishal Al-Ahmad Al-Sabah alilivunja bunge na kusitisha vifungu kadhaa vya katiba kwa muda usiozidi miaka minne. Bunge hilo, lililotokana na katiba ya 1962, lilikuwa na meno kuliko mabunge mengine ya Ghuba, na wabunge waliweza kumwita waziri na kumhoji hadi ajiuzulu. Niger, wanajeshi walimpindua Rais Mohamed Bazoum Julai 2023, na Machi 2025 Jenerali Abdourahamane Tiani akaapishwa kuwa rais wa mpito kwa miaka mitano, huku vyama vya siasa vikifutwa. Thailand, katika mwaka uliopimwa, hakukuwa na kifaru hata kimoja barabarani. Mahakama ya Katiba ilikivunja Agosti 2024 chama cha Move Forward, kilichopata viti vingi zaidi katika uchaguzi wa 2023, na wiki moja baadaye ikamwondoa madarakani Waziri Mkuu Srettha Thavisin.

Tanzania nayo haikuwa na mapinduzi wala katiba iliyositishwa. Kulikuwa na wakosoaji waliotekwa, akiwemo Ali Kibao wa chama cha Chadema, aliyeshushwa kwenye basi Septemba 2024 na mwili wake kupatikana akiwa ameuawa. Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba, ambapo Chama cha Mapinduzi, CCM, kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji.

Mfalme, jenerali, jaji na chama: njia nne tofauti, alama moja. Je, alama hiyo inatuambia nini?

Neno lenyewe

Kiswahili kinatumia maneno mengi hapa: udikteta, uimla, utawala wa mabavu, utawala wa mtu mmoja. Katika mazungumzo ya barazani yote ni mamoja. "Udikteta" unatufanya tumfikirie mtu, mwenye picha ukutani na kofia ya pekee. "Uimla" una asili inayofaa zaidi: aliyesoma shule ya msingi anaikumbuka imla, mwalimu anasoma, darasa linaandika, hakuna anayeuliza. Nani anasoma imla hiyo ni swali jingine. Anaweza kuwa mtu, lakini inaweza pia kuwa kamati kuu ya chama au baraza la majenerali.

Wanazuoni walichelewa kulitazama hilo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, dunia iligawanywa kwa urahisi kati ya demokrasia na tawala kama za Hitler na Stalin, zilizotaka kutawala hadi fikra za raia. Mwaka 1964 msomi wa Kihispania Juan Linz, akiitazama Hispania ya Jenerali Franco, alisema kuna kundi la tatu. Franco hakutaka kila Mhispania aamini itikadi fulani wala aandamane kila wiki kumsifu. Alitaka watu wakae kimya. Aliacha kanisa, wafanyabiashara na jeshi wawe na nafasi yao, ilimradi hakuna anayegusa madaraka. Nchi nyingi zinazoitwa za kiimla leo zinafanana zaidi na picha hiyo.

Rula tatu, majibu matatu

Leo vipimo vinavyonukuliwa zaidi ni vitatu. Freedom House hutoa alama hadi 100, ambapo 40 ni za haki za kisiasa na 60 za uhuru wa raia, kutokana na maswali 25. Kitengo cha utafiti cha kampuni inayochapisha jarida la Economist, mjini London, hutumia vigezo 60 na kuzigawa nchi katika makundi manne: demokrasia kamili, demokrasia yenye kasoro, utawala mseto na utawala wa kiimla. Taasisi ya V-Dem, iliyoko Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, huwauliza maelfu ya wataalamu, kwa kawaida watano au zaidi kwa kila swali kuhusu nchi moja, kisha huyapatanisha majibu yao kwa hesabu za takwimu. V-Dem huzitenga nchi za kiimla katika makundi mawili. Kuna uimla uliofungwa, ambako hakuna uchaguzi wa vyama vingi wa kumpata mtawala, na uimla wa uchaguzi, ambako uchaguzi upo lakini hauko huru wala wa haki.

Sasa chukua Tanzania ya mwaka 2024. Kwa Freedom House si huru. Kwa Economist ni utawala mseto. Kwa V-Dem ni uimla wa uchaguzi. Thailand inashangaza zaidi: mwaka uleule ambao Freedom House iliiondoa katika nchi huru kiasi, Economist iliiweka kati ya demokrasia zenye kasoro. Hakuna aliyedanganya. Mmoja anatazama zaidi anachofanyiwa mpinzani, mwingine anahesabu pia ushiriki wa wananchi na utendaji wa serikali.

Katika ripoti yake ya 2025, V-Dem ilihesabu nchi 91 za kiimla dhidi ya 88 za kidemokrasia, mara ya kwanza katika zaidi ya miaka 20 kwa kundi la kwanza kulizidi la pili. Ilisema asilimia 72 ya watu duniani wanaishi chini ya uimla. Takwimu hiyo inategemea sana India, ambayo V-Dem iliihamisha kutoka demokrasia kwenda uimla wa uchaguzi katika ripoti yake ya 2021. Serikali ya New Delhi ilikasirika na kuwaita wapimaji hao watu waliojipa wenyewe kazi ya kuihukumu dunia. Ukiirudisha India upande wa pili, asilimia hiyo inaporomoka, kwa kuwa nchi moja ina watu zaidi ya bilioni 1.4.

Lawama hazitoki serikalini tu. Mwaka 2024 wasomi wawili wa Marekani, Andrew Little na Anne Meng, walichapisha utafiti uliotazama mambo yanayoweza kuhesabika bila maoni ya mtaalamu, kwa mfano ni mara ngapi walio madarakani wanashindwa uchaguzi. Kwa vigezo hivyo hawakuona dunia ikirudi nyuma kwa kiasi kinachosemwa. Walihoji kama wataalamu nao wanaathiriwa na habari mbaya wanazosoma. V-Dem wamejibu kwamba mtawala mjanja hushinda bila kugusa sanduku la kura, kwa hiyo kuhesabu ushindi hakutoshi. Mimi naona V-Dem wana hoja nzito zaidi hapa, lakini swali la Little na Meng halijafutika.

Alama na fedha

Msomaji anaweza kusema haya ni ya vyuoni. Sivyo. Shirika la Marekani la Changamoto za Milenia, MCC, hutumia alama za Freedom House kuamua nchi ipi inastahili msaada wake. Machi 2016 bodi ya shirika hilo ilisitisha mpango wa dola milioni 472 kwa Tanzania, fedha zilizolengwa hasa kwenye umeme. Sababu zilizotajwa ni kurudiwa kwa uchaguzi wa Zanzibar bila upinzani mkuu, na matumizi ya sheria ya makosa ya mtandao. Waliokosa nguzo za umeme hawakuwa wameandika sheria hiyo.

Nani anagawa vyeo?

Kuna kundi jingine la wasomi wasioanza na alama. Mwaka 1999 Barbara Geddes wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliuliza swali jepesi: nani anaamua sera na nani anagawa vyeo? Kama ni maofisa wa jeshi kwa pamoja, huo ni utawala wa kijeshi. Kama ni chama chenye vikao vinavyofanya kazi, ni utawala wa chama. Kama ni mtu mmoja anayeweza kulipuuza jeshi na chama vilevile, ni utawala wa mtu binafsi. Falme ni kundi la pembeni.

Geddes aligundua kwamba aina hizi hazidumu sawasawa wala hazifi kifo kimoja. Katika hesabu zake, tawala za kijeshi zilidumu kwa wastani wa miaka 9 hivi, za mtu binafsi 15, za chama kimoja 23. Wanajeshi wakigombana wana pa kurudi, yaani kambini. Niger yenyewe ni mfano: walioipindua serikali Februari 2010 walikabidhi madaraka kwa rais aliyechaguliwa Aprili 2011. Miaka mitano aliyojipa Tiani, pamoja na kufuta vyama, inaonyesha kwamba safari hii kambi haiko akilini.

Mtawala binafsi hana pa kurudi, na waliomzunguka hawana pa kwenda. Zaire ilikuwa na chama, MPR, ambacho kila raia alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa, lakini chama hicho hakikuweza kumwambia Mobutu hapana. Alipoondoka Mei 1997 hakukuwa na taasisi ya kukabidhi chochote, na wasomaji wetu wa Goma na Bukavu wanajua kilichofuata.

Hapa ndipo Uganda na Tanzania zinapoachana. V-Dem huziweka zote mbili katika uimla wa uchaguzi. Lakini Uganda iliondoa ukomo wa mihula mwaka 2005 na ukomo wa umri wa rais mwaka 2017, na Yoweri Museveni yuko madarakani tangu 1986. Tanzania, CCM ikiwa haijawahi kushindwa, marais Mwinyi, Mkapa na Kikwete waliondoka kila mmoja baada ya mihula miwili. Mgombea wa urais alichujwa na vikao, mara nyingine kwa mshangao wa wagombea wakubwa wenyewe, kama mwaka 2015. Katika mpangilio wa Geddes na wenzake, Uganda ni ya mtu, Tanzania ni ya chama.

Mtego wa Botswana

Rula ya kuhesabu nayo ina mtego wake. Mwanasayansi wa siasa Adam Przeworski na wenzake waliweka kanuni kali: nchi ambayo chama tawala hakijawahi kushindwa haiwezi kuitwa demokrasia, kwa sababu hatujui kama kingekubali kuondoka. Kwa kanuni hiyo Botswana, nchi iliyosifiwa na kila mtu, iliandikwa udikteta. Wengi walicheka. Kisha Oktoba 2024 chama cha BDP kikashindwa baada ya kutawala tangu uhuru mwaka 1966, Rais Mokgweetsi Masisi akampigia simu Duma Boko kumpongeza, na mambo yakaisha. Miaka 58 chama kimoja kilitawala, na ni siku moja tu iliyoonyesha kilikuwa chama cha aina gani.

Tanzania haijapata siku hiyo. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifanyika huku Chadema ikiwa imezuiwa kushiriki kwa kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, kiongozi wake Tundu Lissu akiwa mahabusu tangu Aprili kwa shtaka la uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, akiwa ameenguliwa. Waliobaki kwenye karatasi ya kura mkabala na Rais Samia Suluhu Hassan walitoka vyama vidogo. Intaneti ilizimwa, maandamano yakazuka, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, na Rais Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango. Idadi ya waliokufa inabishaniwa, na Novemba serikali iliunda tume ya uchunguzi.

Kwa wapimaji, alama zitashuka. Hilo halihitaji mtaalamu. Lililo gumu zaidi lilitokea mapema, na halikugonga vichwa vya habari sana nje ya nchi. Januari 2025 mkutano mkuu wa CCM uliokutana Dodoma ulimpitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee, miezi kadhaa kabla ya wakati wa kawaida wa kuchukua fomu. Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa katibu mwenezi wa chama hicho, alijiuzulu ubalozi nchini Cuba Julai akilalamikia utaratibu huo. Oktoba familia yake iliripoti kwamba ametekwa. Kwa anayetumia swali la Geddes, hizo ndizo dalili za kufuatilia: je, vikao vya chama bado vinaweza kumkatalia mwenyekiti, na nini humpata mwanachama anayejaribu?

Kwa V-Dem kuna uamuzi mwingine. Mstari kati ya uimla wa uchaguzi na uimla uliofungwa unapita kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Wataalamu wao watalazimika kusema kama karatasi yenye majina mengi, ambayo haina jina la yeyote anayeweza kushinda isipokuwa mmoja, bado ni uchaguzi wa vyama vingi.