RAHISI HUVUNJA UPISHI

Mkulima wa Mnyuzi, wilayani Korogwe, na ndugu yake wa bonde la mpunga la Cheju, Unguja, wote wajua kuwa mvua haimngojei fundi. Kwa mkopo wa Poland wa mwaka 2015, matrekta ya Ursus yaliunganishwa Kibaha chini ya NDC. Bei ilikuwa nafuu, lakini wanunuzi wengi walilalamikia ubovu na uhaba wa vipuri. Trekta likilala, msimu hupita na deni halilali.

Kwa hiyo twawaambia wenye dhamana, Bara na Visiwani: mkataba wowote wa matrekta usitiwe saini kabla ya kutaja ghala la vipuri na fundi wa kila wilaya. Bei ifuate baadaye.